Maswali ya wasomaji: gari ni ya zamani, niweke oili gani?

Mwezi huu barua nyingi zimehusu oili, na karibu zote zimetoka kwa wenye SUV ndogo za zamani, RAV4, Escudo, X-Trail, CR-V, zile gari ambazo zilishuka bandarini zikiwa na umri tayari na hapa zimeshapiga miaka mingine kumi na bado zinadai kazi. Tumechagua barua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwasababu ndani yake kuna swali la watu wengi sana.

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nina RAV4 ile tunayoiita Kili Time ya 2003, injini ni 1AZ-FSE ile ya D-4, dashibodi inasoma kilomita 187,000 ila unajua tena mambo ya dashibodi. Nilikuwa naweka 5W-30, fundi wangu akasema gari ya zamani ukiiweka hiyo ni kama maji, joto la Dar linaimaliza, akaniwekea 20W-50. Sasa asubuhi nikiwasha inapiga kelele kama cheni sekunde kadhaa afu inatulia, na mafuta naona inakunywa zaidi ya zamani. Fundi mwingine anasema tuweke SAE 40 itapunguza kula oili maana huwa naongeza kati ya sevisi. Muuza spea nae anasema hapana, nunua fully synthetic 5W-40, na bei yake we acha tu. Nani mkweli? Inakula kiasi gani kwakweli sijui, taa ya oili ikiwaka ndo naongeza. – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, kabla ya kufika kwenye oili gani tuanze na hiyo taa maana ndo iliyonishtua. Ile taa nyekundu ya kibirika cha oili haipo pale kukuambia oili imepungua, ni taa ya presha, na inawaka presha ikiwa imeshashuka, yani pampu imeanza kuvuta hewa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na beringi za krenki zimeshaanza kusugua chuma kwa chuma. Injini yako inachukua lita nne na ushee tu pamoja na filta, kwahiyo mpaka taa iwake ujue umebaki na oili kidogo mno, na kila ikiwaka unakata umri wa injini. Kuanzia leo usiisubiri. Siku moja kwa wiki, asubuhi kabla hujawasha, gari iwe imelala sehemu tambarare, chomoa dipstiki, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena usome. Kati ya alama ya chini na ya juu kwa gari kama yako ni takribani lita moja, na ikifika katikati tu we ongeza, na usipitilize ya juu maana oili ikizidi krenki inaipiga inakuwa povu na povu halibebi beringi.

Haya tuje kwenye namba. Ile ya kwanza yenye W inahusu injini ikiwa ya baridi, na baridi inayopimwa maabara sio hii yetu, 5W inapimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 15W kwenye 20, 20W kwenye 15. Hata Kitulo kwenye ule umande unaoganda mwezi wa saba hatujawahi kusogelea huko, kwahiyo kwa Dar hakuna oili ya W yoyote itakayofanya injini ikatae kuwaka asubuhi. Namba ya pili ndo uzito wa oili ikiwa imeshachemka, inapimwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 hapo inakuwa kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo kinaitwa sentistoki, ya 40 ni 12.5 hadi 16.3, ya 50 ni 16.3 hadi 21.9. Sasa angalia, fundi alipokutoa kwenye 30 kukupeleka 50 hajakusogeza kidogo, karibu amekuzidishia uzito mara mbili, na hapo ni injini ikiwa ya moto. Ikiwa ya baridi pengo ni kubwa zaidi, kwenye nyuzi 40 tu 5W-30 nyingi zinacheza kwenye sitini na kitu wakati 20W-50 kwa kawaida inapita 150.

Hiyo ndo kelele yako ya asubuhi. Injini ya 1AZ haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na cheni hiyo inakazwa na tenshona inayosukumwa na presha ya oili yenyewe. Oili ikichelewa kupanda, tenshona inachelewa kukaza, cheni inapiga. Juu ya hapo kuna VVT-i, ule mfumo wa kubadilisha majira ya valvu, nao unaendeshwa na oili hiyohiyo kupitia valvu ndogo ya umeme yenye chujio la wavu mwembamba sana, na pale mbele oili inapita kwenye vijitundu ambavyo vilichongwa kwa kufikiria oili nyepesi. Ukiweka nzito VVT-i inafanya kazi kwa kuchelewa, gari inakuwa nzito kuondoka, mafuta yanapanda, na siku nyingine taa ya cheki injini inawaka, mashine ya kupimia inasoma kosa namba P1349, fundi anaanza kukuuzia sensa wakati tatizo liko kwenye oili au kwenye lile chujio limejaa tope. Sikwambii kwamba kelele zote za cheni ni oili, kama imevutika imevutika na haitapona kwa kubadilisha kopo, ila kama ilianza baada ya 20W-50 basi anzia hapo kabla hujakubali mtu afungue injini.

Na hii habari ya joto la Dar nataka tuiweke sawa maana kila gereji inasemwa. Injini haina joto la Dar wala la Mbeya, ina joto lake yenyewe linalosimamiwa na thamostati, ambayo kwa Toyota hizi inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Nje kuwe 18 kuwe 33, maji ya injini yanatakiwa yakae palepale, na oili inafuata humohumo ikizidi kidogo. Kama gari yako inachemka kwenye foleni ya Buguruni tatizo ni feni, rejeta, au maji, sio wepesi wa oili. Ila kuna kitu mafundi wetu wengi wanakifanya, gari ikichemka mara moja tu wanaing'oa thamostati wanaitupa, wanakwambia hii ni ya nchi za baridi. Tafadhali muulize fundi wako kama ipo. Injini isiyo na thamostati inakaa ya ubaridi muda mwingi, na oili isipopata moto vizuri yale maji na petroli vinavyopenya kwenye ringi havikauki, vinabaki kwenye oili, na baada ya miezi kadhaa unafungua mfuniko wa juu unakuta tope jeusi. Injini ya D-4 inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa hiyo petroli kushuka kwenye oili kwake ni rahisi zaidi, harufu dipstiki yako, kama inanuka petroli umeshapata jibu la mambo mengi. Nimeona injini nyingi zimekufa kwa tope kuliko zilizokufa kwa oili nyepesi, na thamostati ni spea ya bei ndogo tu.

SAE 40 ile yenye namba moja tu bila W, hapana. Hiyo haijapimwa kabisa kwa kuanzia ubaridi, na nyingi zinazouzwa huku kwa bei ya chini zina herufi za zamani sana ambazo nimezieleza kwenye jibu linalofuata. Ni oili ya jenereta na pampu za maji na mashine za kusaga, sio ya injini yenye VVT-i.

Sasa ununue ipi. Ungekuwa huongezi kitu kati ya sevisi ningekwambia rudi 5W-30 bila kuwaza. Kwa kuwa unaongeza, na petroli ya D-4 inaweza kuwa inaipunguza oili uzito, mwaga hiyo 20W-50 weka 10W-40 semi-synthetic, yani mchanganyiko wa oili ya madini na ya kutengenezwa, yenye API SN au SP (nazo herufi hizo ziko jibu linalofuata), na filta mpya ya maana. Muuza spea hajakudanganya, 5W-40 fully synthetic ni oili nzuri, inavumilia foleni na haitengenezi tope haraka, ila kwa injini ambayo hatujajua inakula kiasi gani unaweza kuwa unachoma hela kwenye eksozi. Tujue kwanza, alafu ukikuta inakula kidogo hamia huko.

Kupima ni hivi. Siku ya kumwaga jaza mpaka alama ya juu kabisa, andika kilomita. Nunua lita moja ya oili ileile ikae kwenye buti. Kila unapoongeza soma umeongeza kiasi gani kwenye kile kidirisha cha pembeni ya kopo, ukifika kilomita 1,000 ongeza mpaka irudi alama ileile ya juu na ujumlishe. Toyota Marekani walipokuwa wanapima injini zinazokula oili mstari wao ulikuwa kwoti moja kwa maili 1,200, ambayo kwetu ni karibu nusu lita kwa kilomita 1,000. Chini ya hapo kwa gari ya miaka ishirini endesha, ongeza, ishi nayo. Juu ya hapo usibadilishe oili, tafuta inapopitia. Anza na vya bei ndogo, gasketi ya kava la valvu, sili ya krenki, na ile valvu ya PCV, ya kupumulia injini, ambayo ikikwama oili inanyonywa inaenda kuungua na mtu anavunjiwa injini bure kwa kidubwasha cha kufungua kwa spana moja. Alafu tazama moshi. Wa bluu wa asubuhi ukiwasha tu na kupotea, mara nyingi ni sili za valvu. Wa bluu ukikanyaga mafuta kupanda mlima, ringi. Ringi zikiisha hata ukiweka grisi itapita.

SWALI: Kaka, mimi nina Suzuki Escudo ya 2001, J20A, niko Arusha. Dukani kuna 20W-50 mbili, moja bei karibu nusu ya nyingine, mwenye duka anasema ni kitu kimoja tu tofauti ni jina. Nimeangalia nyuma moja imeandikwa SF/CC nyingine SN. Hizo herufi zina maana gani, au ni za kiwandani tu?

JIBU: Ndugu yangu, umefanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawafanyi, umegeuza kopo. Hizo herufi kwangu mimi ni muhimu kuliko zile namba kubwa za mbele, na mwenye duka hajasema kweli.

API ni taasisi ya mafuta ya Marekani, na S maana yake ni injini za petroli, C ni za dizeli. Herufi inayofuata ni kizazi, inapanda kwa alfabeti, SJ ni ya miaka ya 1990, SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Kila kizazi kinapimwa kwa majaribio magumu zaidi ya tope, uchakavu, oili kuungua kwenye ringi na mengine, na kipya kinachukua nafasi ya cha zamani, kwahiyo Escudo yako iliyotoka wakati wa SJ na SL ukiiweka SN au SP hujaikosea, umeizidishia ulinzi. Kurudi nyuma ndo kosa. SF API wenyewe wameandika kwamba haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988 na kwamba inaweza isizuie tope vya kutosha. Gari yako ni ya 2001, miaka 13 baada ya mstari huo. Hata SG na SH nazo zimeshaondolewa kwenye matumizi. Alafu hiyo bei nusu unairudisha kwa kumwaga mara mbili, na tope likishakaa kwenye chujio la pampu ya oili hakuna bei nusu tena.

Utakuta pia kopo limeandikwa CI-4/SL, ni 15W-40 za malori. Zikiwa na hiyo SL kwenye maandishi na ni halisi, injini kama ya kwako inazikubali na kwa safari za mkoani zinafanya kazi vizuri tu. Ila ikiwa ya dizeli peke yake bila S yoyote, iache.

Kwa Arusha asubuhi za mwezi wa sita na wa saba mimi nisingekaa kwenye 20W, chukua 10W-40 ya SN, na kama injini haili oili na haina moshi 5W-30 ni sawa kabisa. Kitabu cha gari ukikipata kwa Kiingereza, vingi vya enzi hizo vina chati ya joto la nje na aina za oili zinazoruhusiwa, na utashangaa chati inakubali zaidi ya aina moja. Kitabu hakijawahi kusema gari ikizeeka ongeza uzito.

SWALI: Salaam aleikum, nawaandikia kutoka Mombasa. Gari yangu ni X-Trail T30, QR20. Nilinunua oili ya jina kubwa kwa bei poa mahali fulani mjini, baada ya kilomita elfu mbili hivi ikawa nyeusi ti na nyepesi kama mafuta ya taa. Mekanika akaniambia hiyo ni feki. Nitajuaje kabla sijanunua? Na oili kuwa nyeusi ni dalili ya ubovu?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu. Nianze na la mwisho maana lina jibu fupi, weusi peke yake sio ubovu. Oili nzuri ina sabuni ndani yake, inabeba masizi na uchafu ili visikae kwenye injini, kwahiyo kuwa nyeusi mapema kwenye injini ya zamani inaweza kuwa ni dalili inasafisha. Ila nyeusi pamoja na wepesi kama mafuta ya taa ni jambo lingine, inaweza kuwa feki, au inaweza kuwa petroli inashuka kutoka kwenye plagi isiyochoma au nozeli inayovuja, na hii ya pili utaijua kwa harufu na kwa kuona kimo kwenye dipstiki kinapanda badala ya kushuka. Angalia hilo kabla ya kumlaumu muuzaji.

Feki kwenye kopo ni ngumu kuijua kwa macho siku hizi, na atakayekwambia anaijua kwa kunusa au kwa kuvuta na vidole usimwamini. Mara nyingi ni oili iliyokwishatumika imechujwa, au ni oili tupu isiyo na dawa yoyote, imetiwa kwenye kopo halisi lililookotwa. Ndo maana mimi kila ninapomwaga oili nalitoboa kopo kwa bisibisi mbele ya mteja na ninamwomba kila msomaji afanye hivyo au abebe makopo yake nyumbani, kopo zima lenye kifuniko likiachwa gereji lina safari yake ya kurudi dukani. Tazama pete ya kifuniko kama imeungana, fungua uone ile foili ya ndani kama imebanwa sawasawa bila gundi ya pembeni, soma namba ya toleo iliyochapwa kwenye mwili wa kopo na ufananishe makopo mawili ya toleo moja, maandishi ya lebo yasiwe na makosa ya herufi. Alama ya shirika la viwango, KEBS kwa nyie wa Kenya na TBS kwa huku, iwepo. Baada ya hayo yote kinga kubwa ni unanunua wapi, nunua kwenye kituo cha mafuta cha kampuni yenyewe au kwa wakala anayetambulika, chukua risiti, na risiti uitunze, maana ukitaka kulalamika kwa Anti-Counterfeit Authority kwenu au kwa Tume ya Ushindani huku bila risiti huna pa kushika. Bei ikiwa chini sana ya maduka mengine yote, ondoka.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa nayo iepuke kwa gari unayoipenda. Pipa likishafunguliwa hakuna anayejua limejazwa nini tena.

Kwa hiyo oili uliyoiweka, usimalizie. Imwage sasa, badilisha filta, weka halali, 5W-30 au 10W-40 kutegemea injini inavyokula, na irudie kuimwaga baada ya kilomita 2,000 hivi ili itoke na uchafu ulioachwa. Usikubali kuuziwa dawa ya kuflashi, kwa injini yenye tope la miaka inalibomoa vipandevipande kwa mkupuo mmoja na vipande hivyo vinaenda kuziba chujio la pampu. Kumwaga mara mbili kwa karibukaribu kunasafisha taratibu na hakujawahi kuua injini ya mtu.

SWALI: Shikamoo mkubwa. Nina RAV4 ile tunayoiita Miss Tanzania ya 2006, 2AZ-FE, niko Mwanza. Inakula lita moja kila kilomita 1,000 na hakuna tone linalovuja chini. Fundi anasema ninunue injini used ya Japani nifunge, mwingine anasema kuna oili maalumu ya gari za kilomita nyingi itamaliza tatizo. Kabla sijatoa hela naomba ushauri.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla. Umeshapima, ni zaidi ya ule mstari wa nusu lita niliomwambia dada wa Tabata, tena mara mbili yake, kwahiyo hili sio la oili tena.

Injini yako ina historia inayojulikana. Kwa baadhi ya 2AZ-FE za kati ya 2006 na 2011 Toyota Marekani waliongeza udhamini na kubadilisha pistoni na ringi, kwasababu ringi za oili zilikuwa zinajaa kaboni zinakwama na oili inapanda juu inaungua. RAV4 za mwanzo za umbo lako zilikuwemo. Udhamini ule ulikuwa wa gari zilizouzwa kule, huwezi kuudai Mwanza, ila unakupa ujue fundi aangalie wapi.

Sasa hii injini used. Ukifunga 2AZ nyingine ya miaka ileile kutoka Japani unaweza kuwa unanunua ugonjwa uleule wenye kilomita usizozijua, na gharama ya kufunga juu. Kabla ya hapo mwambie fundi apime kompresheni silinda zote nne, kavu, alafu amwagie kijiko cha oili kila silinda apime tena. Ikipanda vizuri baada ya oili, ringi za kompresheni au silinda zimechoka. Ikiwa nzuri tangu mwanzo na bado inakula, basi ni zile ringi za oili zimekwama, na kufungua kuweka pistoni na ringi mpya za muundo uliorekebishwa kuna maana kuliko kununua bahati. Wakishafungua hedi waangalie sana nyuzi za bolti za hedi kwenye bloku, hasa zile za nyuma, maana injini za familia hii zina tabia ya nyuzi kuvutika na gari inaanza kumeza maji na kuchemka, na kurudisha hedi kwenye nyuzi mbovu ni hela imetupwa.

Oili za kilomita nyingi ni za kweli, sio utapeli. Zina dawa ya kulainisha sili za mpira zilizokauka na kwa gari inayotoa jasho kwenye gasketi au moshi kidogo wa asubuhi zinasaidia. Kwa lita moja kila kilomita 1,000 hazitamaliza, na yale machupa ya dawa mazito ya kuongezea ndo kabisa, yanaficha moshi wiki mbili tatu wakati wa kuuza gari. Ukiwa hela ya pistoni haijatimia weka 10W-40 ya SN au SP ya bei ya kawaida, kagua dipstiki kila unapojaza mafuta, safisha plagi, na ujue kwamba oili inayoungua inaenda kuziba masega ya eksozi, yale ya kusafisha moshi, na kuua sensa ya oksijeni, kwahiyo usikae nalo miaka.

SWALI: Hivi oili nimwage kila kilomita ngapi? Naendesha abiria kwa programu ya simu hapa Dodoma na CR-V ya 2002, kuna anayesema 3,000 na kuna anayesema 10,000. Na nikiwa njiani nikakuta haipo aina yangu naweza kuchanganya?

JIBU: Kuchanganya unaweza, oili za injini zenye API zinapimwa ziweze kuchanganyika, ya madini na ya synthetic, kampuni hii na ile, kwahiyo ukiwa Gairo dipstiki iko chini ongeza yoyote halali yenye uzito unaokaribiana uendelee na safari, kukosa oili ni kubaya kuliko kuchanganya. Kisichochanganywa ni oili ya injini na haidroliki ya giaboksi.

Kumwaga, kwa kazi yako hiyo usifuate 10,000. Gari ya abiria inasubiri na eyisii imewashwa, injini inazunguka saa nzima na kilomita haziongezeki, oili inachoka na dashibodi haijui. Ya kawaida na semi-synthetic mwaga kwenye 5,000, fully synthetic halisi peleka 7,000 au 8,000 ikiwa injini ni safi, na usipofikisha kilomita basi miezi sita. Filta kila unapomwaga, sio mara moja kwa mbili. Oili imwagwe injini ikiwa ya uvuguvugu iteremke na uchafu wake, na simama pale uone fundi anafungua nati ipi, kwenye hizi gari ndogo za 4WD nati ya kumwagia giaboksi iko karibu na ya sampu na watu wameshamwagiwa haidroliki ya giaboksi wakaongezewa oili juu ya oili kwenye injini. Inayotoka ikiwa nyekundu, mwambie asimame hapohapo asiwashe gari.